Mjumbe wa Panda

Kila mwaka aliomba kuwa Mfalme, na kila mwaka tulimpa kuwa Mjumbe.

Tulikuwa watatu kwenye kamati ya kuchagua waigizaji: injinia mmoja wa kiwandani aliyekuwa kiongozi wetu, padri mzee aliyependa tamthilia kuliko chakula, na mimi, mwalimu wa Kifaransa kwenye shule ya wasichana. Mvua zikishakwisha, Juni ikiingia na baridi yake na moshi wa nyasi zinazochomwa vilimani, klabu ya wafanyakazi kule Panda, mtaa wa kampuni ya madini mjini Likasi, ilifungua ukumbi wake kwa michezo ya kale, ile ya wafalme na malkia wanaozungumza kwa mashairi marefu. Katika michezo hiyo hakuna anayefia jukwaani. Mtu anatoka, anakwenda kufia huko nyuma, nasi tunabaki tukingoja. Halafu anaingia mwingine, anasimama wima mbele ya jamaa wa marehemu, anawaeleza mwenzao alivyokufa. Huyo ndiye Mjumbe. Anasema mara moja tu mchezo mzima, kisha anaondoka, na hakuna anayekumbuka kumuuliza anaenda wapi.

Jina lake sitalitaja. Watu wa Panda walimwita Mesaje, kwa kuchezea neno la Kifaransa la mjumbe, na waliomwogopa hawakumwita kabisa. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui, kwa sababu hakuna aliyepata kuvisikia kutoka kinywani mwake. Katika miaka mibaya, swali la asili lilipokuwa swali la kufa na kupona, vijana wenye fimbo walimsimamisha karibu na soko wakamuuliza, "Weye ni muntu wa wapi?"

Akawajibu, "Minye ni muntu wa telefone."

Walimpisha. Mmoja wao, aliyewahi kuwa jirani yetu, aliniambia baadaye kwamba hawakucheka. Alisema ilikuwa ni namna alivyolitamka, kana kwamba alikuwa amekuja kumwambia mmoja wao jambo na bado hajaamua ni nani.

Ni kweli alikuwa mtu wa simu. Alifanya kazi kwenye chumba cha simu cha kampuni, kuunganisha ofisi na viwanda, machimbo na hospitali. Kutwa nzima alivaa visikilizio masikioni, na mbele yake ubao wa matundu na nyaya. Ajali ikitokea popote, habari ilipita kwanza mikononi mwake. Naliandika hili mapema ili msomaji asidhani nataka kumtisha bure. Mambo mengi aliyoyajua kabla yetu, aliyajua kwa sababu hiyo. Nimeyahesabu hayo moyoni mwangu mara nyingi, na kila mara yanabaki mengine.

Majaribio yake ya kwanza nayakumbuka vizuri. Padri alikuwa amejifunika blanketi miguuni. Injinia alikuwa anavuta sigara. Waombaji walipanda jukwaani mmoja mmoja chini ya taa, karani wa duka, muuguzi, wanafunzi wangu wawili, na kila mmoja alipaza sauti akidhani ufalme ni kelele. Yeye alipanda na viatu vinavyong'aa, kofia ameishika kifuani. Akaomba nafasi ya Mfalme. Akasema maneno ya Mfalme, na hayakuwa mabaya. Sauti yake haikuwa kubwa. Lakini hata ukiwa mwisho wa ukumbi ulihisi mtu amesimama nyuma ya bega lako.

Injinia akamwambia, "Ebu soma na hii," akampa ukurasa wa Mjumbe, kwa ajili ya kupitisha wakati tu.

Alisoma. Sikumbuki maneno, na nilikuwa nayajua kwa moyo. Nakumbuka kwamba sigara ya injinia iliungua mpaka vidoleni. Nakumbuka mama aliyekuwa anafagia kati ya viti aliegemeza ufagio wake ukutani, akatoka nje bila kuaga, akaenda mpaka kwake kutazama kama watoto wake wazima. Walikuwa wazima. Alirudi akiwa na hasira, na tangu siku hiyo hakufagia tena yule bwana akiwa ndani.

"Wewe ni Mjumbe," padri alimwambia.

"Mon père, minye nilipenda Mfalme."

"Wafalme tunao."

Na tulikuwa naye mmoja kweli, mwalimu wa hesabu, mrefu, mwenye kicheko cha kujaza chumba, baba wa watoto wengi. Alikuwa Mfalme wetu kiangazi baada ya kiangazi. Wawili hao walipendana sana. Baada ya mazoezi walikaa pamoja kwenye ngazi za klabu wakinywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kikombe kimoja, na Mfalme alimtania, "Baba, siku moja utaniletea habari njema, nianguke nife kwa mushangao."

Usiku wa onyesho la kwanza mwanamke mmoja wa kambini alisimama katikati ya maneno ya Mjumbe akapiga kelele, "Ni nani? Sema ni nani!" Watu walimshika, wakamweleza kwamba ni mchezo, kwamba aliyekufa ni mtoto wa mfalme wa zamani, wa nchi za mbali. Alikaa. Lakini nilipowatazama watu wa safu ile, niliona kila mmoja alikuwa anahesabu watu wake.

Miaka ile michezo yetu ilijaa. Watu walikuja kutoka machimbo ya Kakontwe wakiwa bado na vumbi jeupe la chokaa shingoni, walikuja na watoto migongoni. Wengi hawakuelewa nusu ya Kifaransa kile. Walimngoja Mjumbe. Alipoingia ukumbi ulinyamaza kwa namna ambayo sijaiona tena, hata kanisani.

Sasa niseme alivyokuwa nje ya jukwaa, kwa sababu watu wanaomkumbuka leo wanamkumbuka kama jini, na hakuwa jini. Alipenda mikate ya sukari. Alikuwa na vichekesho vingi, na alivisimulia vibaya sana: alianza na mwisho, akasahau katikati, akacheka peke yake. Alipenda kucheza dama na wazee na aliiba kete waziwazi. Alikuwa mwoga wa kuku. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya nyuma ya kwetu, ua wake na wetu ukitenganishwa na ukuta wa matofali usiofika kichwani, na kila asubuhi nilimsikia akipiga viatu vyake brashi huku akiimba nyimbo za harusi.

Ajabu yake nyingine: yeye mwenyewe hakuweza kusikia habari mbaya. Redio ikianza kusoma matangazo ya vifo alitoka nje. Na hakwenda kwenye kilio cha mtu yeyote, hata cha jirani wa ukuta kwa ukuta. Watu walimsema kwa hilo. Nilipomuuliza alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini halali barabarani. "Madamu, minye nilishasema yangu. Nirudi kufanya nini?"

Kwa maana wakati huo alikuwa ameshaanza kazi ile nyingine.

Ilianza siku ya ajali kiwandani. Mfanyakazi mmoja alikuwa amekufa kwenye tanuru, na wakuu walikuwa wanabishana nani aende kwa mke wake. Hakuna aliyetaka. Mmoja wao, aliyekuwa amekuja kwenye michezo yetu, akasema: tuna Mesaje. Wakamtoa kwenye chumba cha simu. Akaomba dakika chache, akapangusa viatu, akaenda.

Mjane yule alikuwa mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, kwa hiyo nilimsikia mwenyewe akisimulia. Alisema Mesaje alikuja mpaka mlangoni, hakuingia. Alitaja jina la mume wake kwanza. Kisha akasema amekufa. Kisha akasema wapi, na kwamba hakuwa peke yake. Basi. "Bengine bangekuya na maneno mingi," mama yule aliniambia, "bangeniambia eko mugonjwa, nikuye na nguo ku hopitali. Ule aliniambia kama muntu mukubwa."

Kuanzia hapo watu walimtuma. Mwanzoni kampuni, kisha hospitali, kisha familia zenyewe: mtu amefia Kapolowe au Lubumbashi, na dada yake yuko Likasi, nani amwambie? Mwiteni Mesaje. Hakupokea chochote kwa kazi hiyo, hata soda. Na alikuwa na sheria zake, alizonieleza siku moja juu ya ukuta wetu kama fundi anayeeleza kazi. Usikae, kwa sababu mwenye kukaa ataletewa maji, na yule anayekuletea maji ndiye utakayemvunja mikono. Usibebe kitu. Usianze na habari za asubuhi. Na jina lije mbele.

"Ukichelewesha jina," alisema, "muntu anaua bantu yake yote mu kichwa, moya-moya. Halafu unamutajia moya tu, anashukuru. Ile haina muzuri. Muntu asishukuru juu ya kifo."

Miaka ya kwanza walimheshimu. Halafu kampuni ikaanza kufa. Sitaeleza jinsi ilivyokufa, wenye kujua siasa na madini wameshaeleza. Sisi tuliona tu kwamba honi ya kiwanda iliyotuamsha maisha yetu yote ilianza kuruka siku, kwamba mishahara ilichelewa hadi ikawa hadithi, kwamba hospitali haikuwa na dawa, na watu walianza kufa kwa magonjwa ambayo zamani yalikuwa ya siku mbili kitandani. Kazi ya Mjumbe iliongezeka. Alikuwa anaonekana kwenye kila barabara ya Panda, kofia kifuani, akitembea katikati ya njia bila kutazama pembeni, ili asimtishe mtu asiyehusika. Lakini wote walitishika. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha mchi hewani. Niliona mama mmoja akifunga mlango na kuuegemea kwa mgongo, kana kwamba habari ni ng'ombe wa kuzuiwa. Yeye alipita tu. Alipofika kona, sauti zilirudi, kwanza za watoto.

Wakaanza kusema analeta. Kwamba haji kwa sababu mtu amekufa, bali mtu anakufa kwa sababu yeye amekuja.

Siku moja nilimfuata kazini kumwambia tarehe ya majaribio. Chumba cha simu kilikuwa kimekufa zamani. Nyaya za shaba zilikuwa zimeng'olewa mitaroni na kuuzwa, hakuna ofisi iliyoweza kuita ofisi nyingine. Nilimkuta amekaa mahali pake, visikilizio masikioni, mbele ya ubao wa matundu matupu.

"Baba, unasikia nini?"

"Bado banapumua."

Alivua visikilizio akanipa. Nilivivaa kwa sababu ya adabu. Kulikuwa na mvumo, kama wa upepo kwenye bomba refu. Ulikwenda, ukakatika, ukarudi. Nilijiambia ni waya unaocheza na hewa mahali fulani. Halafu mvumo ule ukasimama, na katika kusimama kwake kulikuwa na kitu ninachokijua sana, kwa sababu nimefundisha watoto kusoma kwa sauti miaka yote: ile pumzi ndogo ambayo mtu anaivuta anapokaribia kusema.

Nikavivua. Alivipokea, akavipangusa na leso yake, akavivaa tena.

"Majaribio ni Jumamosi," nikamwambia.

"Nitakuya. Mwaka huu ninaomba Mfalme."

Ulikuwa mwaka ambao watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa makwao. Walizaliwa Likasi, wengine na baba zao walizaliwa Likasi, lakini waliambiwa warudi kwao, kwa mawe na kwa moto. Maelfu walikwenda kukaa stesheni, chini ya mahema ya nguo na mifuko, wakingoja treni ambazo zilikuja zilipotaka. Walikaa huko miezi. Watoto wao walikufa huko kwa surua. Mfalme wetu, yule mwalimu wa hesabu, alikuwa mmoja wao. Kikundi chetu kilibaki nusu. Injinia alisema tuache mwaka huo. Padri akasema hapana, watu wanahitaji mahali pa kukutana wasiposhika fimbo. Basi tukaweka majaribio.

Waombaji walikuwa wachache, na wamekaa mbalimbali, kila mmoja na mashaka juu ya mwenzake. Mjumbe alipanda jukwaani. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na Mfalme mwingine wa kumzuia. Padri aliniangalia, akaangalia chini. Tukamwambia acheze onyesho lile ambalo Mfalme anapokea habari, na mwanafunzi wangu mmoja asome maneno ya Mjumbe kutoka kando.

Alianza vizuri. Alikuwa Mfalme kweli, mzee, mwenye kiburi kilichochoka. Nilifurahi kwa ajili yake. Halafu msichana akaanza kusoma habari, na tukaona midomo ya yule bwana inatembea. Alikuwa anasema maneno ya Mjumbe pamoja naye, bila sauti. Msichana akayumba, akanyamaza. Yeye hakunyamaza. Midomo iliendelea kutembea, na uso wake ukageuka polepole kuelekea mlango wa ukumbi, kama mtu aliyeitwa.

Akashuka. Akapita katikati ya viti, kofia kifuani, akatoka.

Ilikuwa mchana mweupe. Tulitoka nyuma yake mpaka kwenye ngazi, tukamwona anashika njia, na hakuelekea stesheni. Alikwenda mtaa wa pili, kwenye nyumba ya mama mkwe wa Mfalme, bibi mzee ambaye hawakumfukuza kwa sababu yeye alikuwa wa hapa. Tulisikia kilio kabla hatujafika kwenye kona.

Mfalme alikuwa amefia kwenye jukwaa la stesheni, mchana ule ule. Kijana aliyetumwa na familia kuja kumwambia bibi alifika mbio, akihema, akakuta kilio kimeshaanza. Alisimama pale na habari yake mdomoni kama mtu aliyebeba maji kwenda mtoni. Alitazama kila mmoja wetu. "Nani alibaambia?" aliuliza. "Minye njo natoka kule. Hakuna mwengine alitoka."

Inawezekana Mjumbe alikuwa amepita stesheni asubuhi akaona mwenzake hatapona. Inawezekana alikisia. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Madamu, alikuwa rafiki yangu," na akaingia ndani kwake. Hatukuonyesha mchezo kiangazi kile, wala kilichofuata.

Mume wangu aliondoka mwaka huo huo. Alikuwa fundi wa reli, amezaliwa Likasi, lakini jina la baba yake lilitosha. Mtoto wetu mdogo alikuwa na surua, haikuwezekana kumpandisha kwenye behewa lile lililojaa watu mpaka juu. Tukakubaliana atangulie, sisi tufuate. Treni iliondoka mchana, na kwa muda mrefu baadaye sikupata neno. Waliorudi walisema wengi walikufa njiani. Wengine walisema wamemwona, kisha walipoulizwa sana, walisema labda ni mwingine.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya ukuta, nilikuwa uani nikiosha vyungu. Nikamsikia Mjumbe upande wa pili. Alikuwa anazungumza na ukuta, kwa sauti yake ile. Nikasikia jina la mume wangu. Jina lilikuwa mbele.

Sijui niliangushaje chungu. Nilipanda juu ya ndoo nikamwona: amesimama na viatu vyake vinavyong'aa, kofia kifuani, uso kwa matofali.

"Amekufa?" nilimwuliza.

Aliruka kama aliyekutwa anaiba. "Hapana! Hapana, Madamu. Sijuwe kitu. Ninatayarisha tu."

"Unatayarisha nini?"

Alipangusa kofia kwa mkono wa shati. Kisha akaniambia kwamba anayo ya kila mtu wa barabara yetu. Kwamba habari ikija ghafla mtu anaweza kuikosea, na ukishaikosea haisahihishwi. Hivyo anaitengeneza mapema, anaijaribu, anaiweka. Alisema hili kwa upole, kama mtu anayekuambia amekuwekea akiba ya unga.

"Na yangu?" nikauliza.

Alitazama viatu vyake. Nikashuka kwenye ndoo. Nilimwambia juu ya ukuta, bila kumwona, kwamba asikanyage mlangoni kwangu maisha yake yote. Akasema, "Sawa, Madamu." Na alitii. Kwa miaka alikwepa hata upande wetu wa njia. Lakini nilijua ipo, imekamilika, upande wa pili wa matofali, na mara nyingi nilijikuta nikijiuliza inakwendaje.

Kisha akapotea. Nyumba yake ilifungwa, wengine wakasema ameuawa, wengine wakasema amekwenda kuchimba madini kama kila mtu. Vita vilikuwa vimekuja, reli imekatika mahali pengi, na mtu mmoja kupotea halikuwa jambo la kuzungumza. Panda ilipumua. Ni aibu kusema, lakini ilipumua.

Alirudi Jumamosi moja, mchana. Nilikuwa nachekecha unga mbele ya nyumba. Nilisikia kikohozi kwenye lango, nikainua kichwa, naye alikuwa amesimama pale. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, hana kofia. Niliweka chekecheo chini.

"Niingie?" aliuliza.

Hakuwa amewahi kuuliza hivyo popote. Nikasema aingie. Aliingia mpaka ndani, akatazama kiti, akakaa. Nilibaki nimesimama. Aliunganisha mikono, akaitenganisha.

"Madamu. Nilikwenda mbali. Kule Mwene-Ditu, ku Kasai. Kule soko iko kubwa, wanauza, siku ya..." Akasimama. Alianza tena. "Kuko jua sana."

Nilitaka kumpiga. "Baba, taja jina uondoke."

"Siwezi. Haina vile." Jasho lilikuwa linamtoka. "Bwana yako nilimuona. Eko... eko muzima."

Nilimwambia arudie.

"Eko muzima. Anatengeneza maredio ku soko. Alinenepa kidogo. Eko na bibi, Madamu. Na batoto babili, moya bado ananyonya."

Nje kuku alilia, naye hakugeuka.

"Alikutuma kwangu?"

"Hapana." Alifuta uso kwa kiganja. "Aliniona akakimbia. Aliacha meza yake na maredio yote. Nilimufuata katikati ya bantu, akaingia nyuma ya duka, akaziba masikio na mikono. Alikuwa analia, 'Usitaje! Usitaje jina!' Alifikiri ninamuletea yako."

Nilikaa chini, kwenye sakafu.

"Nikamuambia muko bazima, weye na batoto. Sikujua kuisema. Alinifanya nirudie na kurudia. Halafu akalia sana, akanishika hivi. Lakini hakuniambia nikuletee neno. Nilingoya mpaka soko ikafunga. Hakusema."

Kisha akasema, kwa sauti ya mzee yeyote, isiyokuwa na kitu ndani yake: "Habari ya bazima iko nguvu kusema, Madamu. Haina fasi ya kuishia."

Nilimpa maji akanywa yote. Nilitaka kumuuliza jinsi mume wangu alivyovaa, kama bado anakunja mikono ya shati, lakini alikuwa ameshasimama. Alitoka, akapita langoni, akashika katikati ya njia kama zamani. Sikumwona tena, na sijasikia ni nani aliyepeleka habari zake, au kwa nani.

Nilikuwa nimerudi kukaa sakafuni waliponikuta. Walikuwa wamemwona anaingia. Wanawake wa barabara nzima, mmoja mmoja, vitenge vimefungwa kiunoni, wengine na mikeka chini ya kwapa, mmoja na sufuria kubwa ya kupikia wageni. Waliingia bila kubisha. Jirani yangu wa kulia, mama aliyezika watu wengi kuliko sisi wote, alitandika mkeka wake katikati ya chumba na kuupiga pasi kwa mikono.

"Ni ye?" aliniuliza.

Nikawaambia ukweli. Niliwaambia yuko mzima, anatengeneza redio, ana mke mwingine na watoto. Nilisema yote bila kupungukiwa neno.

Walitazamana. Mwenye sufuria aliishusha chini taratibu, isilie. Jirani yangu alitazama mkeka wake kwa muda, na nilidhani atauviringisha. Akapiga kiganja juu yake, mahali palipokuwa wazi.

"Ikala hapa, mama," alisema. "Tulishafika."

Nikasogea, nikakaa katikati yao. Walinisubiri. Hakuna hata mmoja aliyeanza kulia kabla yangu.